Jengo Lisiloshindana na Maporomoko

Ifuatayo ni mada iliyosomwa na msanifu majengo mwalikwa mbele ya wananchi wa Kasesya, kuhusu usanifu wa kituo cha wageni katika hifadhi ya Mto Kalambo. Tumeichapa kama ilivyosomwa, isipokuwa salamu za mwanzo ambazo tumeziacha.



Nimeombwa nizungumze juu ya jambo ambalo kwa sikio la haraka laweza kuonekana la anasa: kituo cha kupokelea wageni ambacho kinapaswa kupatana na mandhari yake. Natambua kwamba wengi wenu mngependa kwanza kusikia habari za mbolea, za barabara za mashambani na za dawa katika zahanati. Hiyo ni haki yenu, wala sikuja kuwaambia kwamba wageni ni muhimu kuliko mahindi. Lakini mbolea iliyochelewa msimu huu yaweza kuwahi msimu ujao, na ukuta uliosimamishwa mahali pasipo pake hukaa pale mpaka wajukuu wetu waukute. Ndiyo sababu ni heri mambo haya yasemwe kabla ya mchanga kumwagwa.

Niseme pia mapema kwamba sikuja na mchoro. Nimekuwa katika kazi hii kwa muda wa kutosha kujua kwamba mchoro ukishabandikwa ukutani, mkutano huacha kujadili mahali na kuanza kujadili rangi ya milango. Leo tujadili mahali.

Mto Kalambo mnaufahamu kuliko mimi. Unatoka juu katika uwanda wa Ufipa, unateremka, unakuwa mpaka wetu na Zambia, kisha unajitupa kwa mruko mmoja wa zaidi ya mita 200 ndani ya korongo la miamba na kuendelea hadi Ziwa Tanganyika. Kwa kulinganisha, maporomoko ya Victoria, ambayo dunia nzima huyataja, yana kimo cha mita 108 hivi. Yale yetu ni membamba, lakini kwa urefu wa mruko mmoja yanahesabiwa miongoni mwa marefu kabisa katika Afrika. Kwenye kuta za korongo hilo huzaa wale ndege wakubwa wenye kipara na mfuko shingoni, ambao nao huitwa korongo. Lugha yetu imefanya mzaha mzuri hapa: korongo wanaishi korongoni.

Sasa naomba mfikiri jambo moja. Mtu akisimama upande wetu, anatazama nini? Anatazama maji, na ng'ambo ya maji anatazama Zambia. Na mtu aliyesimama Zambia, ambako nako wageni hufika, anatazama maji, na ng'ambo yake anatutazama sisi. Kwa hiyo sisi wenyewe hatutaliona sana jengo tutakalolijenga ukingoni mwetu, kwa kuwa tutakuwa ndani yake au tumelipa kisogo. Watakaoliona ni majirani na wageni wao, kila siku, katika kila picha watakayoipiga. Na wao wakijenga vibaya, ubaya huo utakuwa wetu wa kutazama. Sijui mahali pengi ambapo adabu ya ujirani imewekwa wazi kiasi hiki.

Kutokana na hilo napata kanuni ninayoiamini kuliko nyingine zote nitakazozitaja leo. Jengo la Kalambo lisipimwe kwa jinsi linavyoonekana kwa mtu anayewasili kwa gari. Lipimwe kwa jinsi linavyoonekana kutoka ng'ambo. Likiwa linaonekana kutoka ng'ambo kabla ya maji, tumeshindwa, hata kama limejengwa kwa mawe ya hapahapa na kuezekwa kwa nyasi za hapahapa.

Nasema hivyo kwa sababu watu wengi, wakiambiwa jengo lifanane na mazingira, hukimbilia msonge. Wanachora nyumba ya duara yenye paa refu la nyasi, wanaweka chungu mlangoni, wanaona kazi imekwisha. Hiyo ni maigizo ya kijiji. Wazee waliopo hapa wanajua kwamba nyumba ya nyasi ilikuwa na akili yake: ilikuwa ndogo, moto wa ndani uliifukiza moshi uliofukuza wadudu, na paa lilifanyiwa kazi kila baada ya misimu michache na watu wanaolala ndani yake. Ukumbi mkubwa wa ofisi hauna moto wa jikoni wala hauna mwenyewe. Tena hifadhi hii imo katika nchi ya miombo, ambayo kila kiangazi hupitiwa na moto, uwe umewashwa kwa makusudi au kwa uzembe. Kuweka paa la nyasi lenye upana wa ukumbi katikati ya njia ya moto ni kuwatafutia walinzi wa hifadhi kazi ya kuzima. Mimi siliungi mkono.

Turudi kwenye mahali. Nilipokuwa kijana katika kazi hii nilichora nyumba ya walinzi wa msitu katika kilima kimoja cha nyanda za juu. Ofisi iliyonituma sitaitaja, kwa kuwa kosa lilikuwa langu. Niliiweka nyumba kileleni ili walinzi waone mbali. Mzee mmoja wa kijiji cha jirani aliniambia kwa upole kwamba pale juu wao huenda mchana, hawalali. Nilimwitikia kwa heshima na kuendelea na mpango wangu. Nilichagua bati la buluu kwa kuwa ndilo lililokuwapo dukani, na kwa kuwa, nikiri, lilinipendeza. Mwaka wa pili upepo uling'oa mabati ya upande mmoja. Maji ya mvua yaliyotoka kwenye paa yalichimba mfereji katika mteremko, nao mfereji ukawa mtaro, na mtaro ukaikata njia ya watu wa kwenda mashambani. Lakini lililonifedhehesha zaidi lilikuwa jingine. Nilikuwa sokoni siku moja, mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka pale, nikainua macho kukitazama kilima. Sikuona kilima. Niliona bati langu.

Tangu hapo nimejifunza kuuliza kwanza mahali ambapo watu wa eneo hawajengi, na kwa nini.

Kwa Kalambo, jibu langu ni kwamba ukingo wenyewe uachwe. Kituo kirudi nyuma, ndani ya miti, mahali ambapo mteremko wa ardhi unaelekea mbali na korongo, na mgongo wa paa uwe chini ya vilele vya miombo. Ukingoni kubaki kizuizi imara cha usalama na mahali pachache pa kusimama, si zaidi. Mgeni afike kituoni asione maji bado. Ayasikie. Kisha atembee dakika chache katika njia ya kivuli, na maji yamjie ghafla. Hakuna dirisha la kioo, hata likiwa kubwa namna gani, litakalompa mtu kitu kama hicho, na njia ya miguu ni rahisi kuliko kioo.

Zipo pia sababu ambazo si za macho. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, katika kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Basi hata mwenye kupenda ukingo hana ruhusa ya kuukalia. Lakini choo kisiishie kwenye mita 60 kama kwamba namba hiyo ni dawa. Maji yanayopita pale ndiyo yanayoteremka kwa wenzetu walio chini na kuingia ziwani. Kwa kituo cha namna hii napendelea choo kikavu, kisichovuta maji na kisicho na shimo refu, kilichojengwa juu ya ardhi na kusafishwa kwa ratiba. Choo cha namna hiyo kina sifa mbaya kwa sababu mara nyingi hujengwa kisha ratiba ikasahauliwa. Halmashauri na hifadhi wakubaliane kwa maandishi nani anakisafisha kabla fundi hajaanza kuchimba.

Wale ndege nao wana haki yao. Korongo huzaa wakati wa kiangazi, na kiangazi ndicho msimu ambao wakandarasi hupenda kufanya kazi na wageni hupenda kusafiri. Kelele za mashine ukingoni katika miezi hiyo zinaweza kuwafanya ndege waache viota, nasi tutakuwa tumewafukuza wenyeji wa mahali ili tuwaonyeshe wageni mahali palipokuwa na wenyeji. Kazi nzito zipangwe mbali na kuta, na katika muda ambao wataalamu wa hifadhi, yaani wenzetu wa Wakala wa Huduma za Misitu, wataukubali.

Juu ya rangi nitasema machache. Watu hudhani paa la kijani ndilo linalofichika msituni. Litafichika Februari. Lakini tazameni miombo mwezi Septemba, inapochipua majani mapya kabla ya mvua: ni nyekundu, rangi ya kutu, rangi ya shaba. Mwezi Julai nyasi ni za manjano na miamba ni ya kijivu. Paa la kijani katika siku hizo huonekana kama kitambaa kilichoanguka. Rangi ya udongo mwekundu uliokolea, isiyong'aa, hukaa vizuri mwaka mzima. Na tangi jeusi la plastiki lisipandishwe juu ya mnara ulio wazi. Lisitiriwe nyuma ya ukuta, kwenye mwinuko wa ardhi.

Sasa nifike mahali ambapo najua hatutaafikiana sote, nalo ni tofali.

Katika mkoa wetu wa Rukwa tofali la kuchoma ndilo mfalme. Ni imara, fundi analijua, na vijana wengi hupata ada za shule za wadogo zao kutokana na tanuri. Silidharau. Lakini tanuri hula kuni, na kuni hutoka katika miti ileile tunayotaka kuwaonyesha wageni. Kujenga nyumba ya kusifia msitu kwa kuuchoma msitu ni jambo ambalo siwezi kuliwekea sahihi yangu. Serikali yetu ina Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi, ambao kwa miaka mingi umekuwa ukieneza tofali la kufungamana: udongo unaochanganywa na saruji kidogo, unashindiliwa kwa mashine ya mkono, unafunikwa na kumwagiwa maji kwa siku kadhaa, wala hauingii motoni. Tofali hilo hushikana na mwenzake kwa meno yake, hivyo chokaa na saruji ya kuunganishia hupungua sana.

Mtaniambia kwamba udongo usiochomwa utayeyuka kwa mvua zetu. Hofu hiyo ni ya haki. Nawaomba basi mkumbuke yale matanuri ya chuma ya Wafipa, malungu, yaliyojengwa kwa udongo wa kichuguu kwa kimo kinachompita mtu mrefu, yakayeyusha chuma kwa upepo wa asili bila mivukuto. Ufuaji wa chuma ulikoma zamani, na hakuna aliyeyapaka rangi wala kuyaezeka, lakini yapo yaliyoendelea kusimama katika uwanda huu kwa miongo mingi ya masika. Ni kweli kwamba moto wa ndani uliyaimarisha. Hata hivyo aliyeyajenga alijua kitu juu ya udongo wa hapa ambacho chuoni hatukufundishwa. Ukuta wa udongo uliokandamizwa vizuri unataka mambo mawili, msingi wa mawe unaouinua juu ya rasharasha za maji, na paa lenye ukingo mrefu kama kofia pana. Ukipata hayo mawili hauna ugomvi na mvua.

Mfano wa jambo hili upo kusini mwetu. Mahali panapoitwa Mapungubwe, ambapo mipaka ya Afrika Kusini, Botswana na Zimbabwe inakutana, msanifu Peter Rich alijenga kituo cha wageni kilichokamilika mwaka 2009 na kutunukiwa mwaka huohuo tuzo ya dunia ya jengo bora. Kuba zake zilijengwa kwa vigae vya udongo na saruji kidogo, zaidi ya 200,000, vilivyoshindiliwa na watu wa eneo lile waliokuwa hawana ajira, kisha zikavikwa mawe ya palepale. Ukilitazama kwa mbali unadhani ni marundo ya mawe yaliyopangwa na wachungaji. Napenda mfano huo kwa sababu sehemu kubwa ya fedha ilikwenda kwenye mikono ya watu badala ya kwenda kwenye lori la vifaa.

Hata hivyo nawatahadharisha tusiunakili. Sisi tunakaa kando ya Bonde la Ufa. Mwezi Desemba 1910 eneo hili la Rukwa lilipigwa na tetemeko linalohesabiwa miongoni mwa makubwa kabisa yaliyopimwa Afrika Mashariki. Kuba nyembamba za udongo zisizo na nondo si za kwetu. Kwetu kuta ziwe fupi, vyumba viwe vidogo, kona zishikwe, na mkanda wa zege, ule ambao mafundi wetu huuita linta, uzunguke nyumba nzima bila kukatika. Yule mwenzetu wa Burkina Faso, Francis Kéré, aliyepewa Tuzo ya Pritzker mwaka 2022, ametuonyesha jambo jingine linalotufaa zaidi. Katika shule aliyoijenga kijijini kwao Gando mwaka 2001 aliliinua bati mbali na dari, likabebwa na kenchi nyepesi za nondo, hewa ya moto ikapita katikati. Ndani kukawa na ubaridi bila mashine. Kwa ninyi mliowahi kuendesha mkutano chini ya bati mvua ikinyesha, mtafahamu kwamba faida ya dari ya namna hiyo si ubaridi peke yake.

Ipo hazina nyingine ambayo msanifu wa Kalambo hawezi kuipita. Kuanzia mwaka 1953 mwanaakiolojia Desmond Clark alichimba karibu na mto, juu ya maporomoko, upande wa Zambia, akakuta zana za mawe na vipande vya mti vilivyohifadhiwa na unyevu wa udongo. Mwezi Septemba 2023 timu iliyoongozwa na Larry Barham wa Chuo Kikuu cha Liverpool ilitangaza kwamba imepata huko magogo mawili, moja limelazwa juu ya jingine, na pale yanapokutana mti umechongwa ili yashikane. Umri wake ni miaka isiyopungua 476,000. Wakati huo watu wa namna yetu walikuwa hawajatokea duniani. Kwa hiyo kiungo cha kale kabisa cha useremala kinachojulikana duniani kimetoka kando ya mto huu.

Mkipenda kulifanya hilo liwe tangazo la kuwavuta wageni, sina pingamizi, mradi isemwe kweli kwamba limepatikana ng'ambo. Mimi kama mjenzi nachukua somo la kazi tu. Udongo wa bonde lile umebeba kumbukumbu, na maji ndiyo yaliyozitunza. Hatuna sababu ya kuamini kwamba kumbukumbu hizo ziliheshimu mpaka uliochorwa na Wajerumani na Waingereza. Basi msingi wa kituo uwe wa juujuu iwezekanavyo, mitaro isikaushe sehemu zenye unyevu, na kabla ya jembe la kwanza mtaalamu wa mambo ya kale aje apapime. Sheria ya Mambo ya Kale ipo tangu 1964. Kijana atakayekuta jiwe lililochongwa asilitie mfukoni akampa mgeni kwa shilingi elfu tano.

Nimeulizwa kabla ya mkutano: haya yote ni ya Kalambo, sisi wa Kasesya tunapata nini? Swali hilo limenifurahisha kuliko pongezi.

Jibu langu ni hili. Jengo haliwezi kupatana na mandhari likiwa limebebeshwa kila kitu. Tukitaka kule kuwe na ukumbi wa mikutano, mgahawa, maduka, nyumba za kulala, maegesho ya mabasi na jenereta, hata malaika hawezi kulificha. Vitu vizito vibaki mahali ambapo watu tayari wanaishi, na kule viende vitu vyepesi. Mgeni anayetoka Mbala kwa gari huingia nchini kwetu hapa. Hapa anasimama kwa forodha na uhamiaji, apende asipende. Hapa ana njaa, anatafuta choo safi, anataka kubadili fedha, anataka mtu wa kumwelekeza. Kwa nini chumba cha kwanza cha kituo cha Kalambo kisiwe Kasesya? Chumba chenye ramani kubwa ukutani, chenye kueleza habari za Wafipa, Walungu na Wamambwe kwa maneno yao wenyewe, chenye orodha ya vijana waliofunzwa kuongoza wageni na akina mama wenye chakula. Cha pili kiwe Matai, kwa anayetokea Sumbawanga. Kule mtoni abaki na paa moja, kaunta moja, sanduku la huduma ya kwanza, maji ya kunywa na benchi. Aliyepanda kurudi kutoka chini kwa zile ngazi za korongoni hahitaji maonyesho ya picha. Anahitaji kukaa.

Najua wapo watakaosema kwamba jengo dogo ni kudharauliwa, kwamba wilaya nyingine zina majengo ya kifahari. Hisia hiyo naielewa na nimeisikia kila nilikokwenda. Lakini gharama ya jengo haiishi siku ya kukata utepe. Kioo kinachovunjika Kalambo lazima kisafirishwe, na kigae cha kigeni kikipasuka hakina mwenzake. Tofali la udongo wa hapa likivunjika, aliyelitengeneza anaishi kijiji cha pili.

Kuna jambo la njia. Watu wa vijiji vilivyo jirani na hifadhi wana njia zao za zamani, za kwenda kisimani, za kwenda kwa ndugu, za kwenda mahali pa tambiko. Msanifu asiyezijua atajenga ukuta juu yake bila kukusudia, na baadaye watu watabomoa ukuta au watachukia hifadhi. Tathmini ya athari kwa mazingira, ambayo kisheria lazima ifanyike, huwauliza wananchi. Ikija, msijibu kwa ujumla. Onyesheni njia kwa mguu, mmoja mmoja, na mahali panaposemwa kwa sauti ya chini pasemwe kwa wachache wanaostahili kujua, ili pakae nje ya mchoro bila kutangazwa.

Namalizia kwa jinsi ningependa tuanze. Kabla ya mchoro wowote, tukate mianzi minne mirefu kwa kimo cha paa linalopendekezwa, tuisimamishe kwenye kona za mahali panapopendekezwa, tufunge kitambaa chekundu juu ya kila mmoja. Kisha, kwa ruhusa ya mamlaka za pande zote mbili, watu wachache kutoka kata hii wavuke, waende mahali ambapo wageni wa Zambia husimama, watazame huku kwetu. Wakiviona vitambaa, tunarudisha mianzi nyuma au tunaifupisha, na zoezi linarudiwa. Ni kazi ya siku mbili na gharama yake ni nauli na chakula cha mchana.

Wakati huo huo nawaomba mafundi mlete udongo. Chimbeni chini ya tabaka la juu lenye mizizi, mjaze chupa ya kioo nusu, mwongeze maji na chumvi kidogo, mtikise, muiache usiku kucha. Asubuhi mtaona mchanga chini, kisha tope laini, kisha mfinyanzi juu. Mwenye kisanduku cha mbao aukande udongo wake humo, kisanduku cha urefu wa sentimita 60, upana 4 na kina 4, aukaushe kivulini, apime umesinyaa kwa kiasi gani. Andikeni kwenye chupa jina la kitongoji ulikotoka, wala msichanganye udongo wa kichuguu na wa bondeni. Meza ipo pale mlangoni, na leo nimeona tayari chupa tatu juu yake.